Kabla Hujafunga Kalipa za Hilux kwenye Datsun 240Z

Jumamosi moja asubuhi kijana aliingia gereji yangu hapa Nairobi na gunia begani. Akalitua sakafuni, akatoa kalipa mbili za Toyota Hilux, nzito, zimeshika kutu na vumbi, kila moja ina pistoni nne. "Mzee, hizi nimezipata Kirinyaga Road. Naomba unifungie kwenye Datsun yangu kabla ya jioni." Nje alikuwa ameegesha 240Z ya mwaka 1972, rangi ya chungwa, aliyoachiwa na baba yake mdogo. Nikamwambia akae kwanza tunywe chai. Chai ilipomiminwa nikamuuliza: "Kijana wangu, breki ulizo nazo sasa zina shida gani?" Akafikiri kidogo. "Pedali inashuka sana. Na nikikanyaga kwa nguvu, gari linavuta kushoto."

Shida zote mbili hazikutoka kwenye kalipa. Pedali ilishuka kwa sababu breki za nyuma hazikuwa zimekazwa kwa miaka mingi, na gari lilivuta kushoto kwa sababu mpira wa breki wa kulia ulikuwa umevimba kwa ndani. Kama ningemfungia kalipa zake siku ile, angeondoka na breki kubwa zaidi zenye ugonjwa uleule. Lakini wazo lake halikuwa baya hata kidogo. Kazi hii nimeifanya zaidi ya mara moja na ninaipenda. Ninachotaka kusema kwa mwenye gari la kale la mbio ni kwamba kalipa ndicho kitu cha mwisho kubadilisha, na ukishaibadilisha, kila kitu kati ya mguu wako na barabara lazima kikaguliwe upya.

240Z ina heshima yake kwetu. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schuller walishinda East African Safari kwa gari hili, na Shekhar Mehta akawa wa pili akiendesha jingine kama hilo. Mwaka 1973 Mehta akashinda mwenyewe, Lofty Drews akiwa pembeni yake. Mtu aliyesimama kando ya barabara ya udongo akiwa mtoto na kusikia ile injini ya silinda sita ikipita hawezi kuusahau mlio wake. Na tangu mbio za magari ya kale za Safari zianze mwaka 2003, wengi wamerudi kuyatafuta magari haya yaliyokuwa yamelala vibandani chini ya maturubai.

Kwa mbele 240Z ilitoka kiwandani na diski isiyo na matundu ya hewa, unene wa milimita 12.5, na kalipa za Sumitomo za pistoni mbili zilizoandikwa S16. Nyuma ina dramu za alumini. Gari lote lina uzito wa kama kilo 1,050, na tairi zake za awali zilikuwa na upana wa milimita 175 kwenye rimu ya inchi 14. Kwa mwendo na barabara za wakati ule, breki hizo zilitosha. Sumitomo ndio waliotengeneza pia kalipa za pistoni nne za Hilux inayovuta kwa magurudumu yote manne, ya miaka ya 1979 hadi 1985, na matundu ya bolti ya kalipa hizo yanalingana na ya Datsun. Wenye 240Z kule Marekani wamekuwa wakitumia ujanja huu kwa miaka mingi. Kwetu una faida ya ziada: pedi za Hilux utazipata Lodwar, utazipata Singida, utazipata mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kuona pedi ya Datsun ya michezo.

Hata hivyo, elewa kwanza unanunua nini. Kinachosimamisha gari ni mshiko wa tairi barabarani. Tafuta uwanja mtupu wa lami kavu, nenda kilomita 50 kwa saa, kanyaga kwa nguvu zako zote. Kama tairi za mbele zinajifunga na kuserereka, breki zako tayari zina nguvu kuliko tairi, na kalipa kubwa haitakupunguzia hata mita moja ya umbali wa kusimama. Tairi mpya zitakupunguzia. Nimeona watu wakitumia fedha nyingi kwenye kalipa huku gari limevaa tairi zenye umri wa miaka 15, ngumu kama ubao.

Faida ya kalipa kubwa inaonekana ukikanyaga mara ya pili, ya tano, ya kumi. Gari la kilo 1,050 linalokwenda kilomita 100 kwa saa limebeba nishati ya kuchemsha zaidi ya lita moja ya maji ya bomba. Ukisimama, karibu yote inageuka joto ndani ya diski na dramu, kwa sekunde chache. Ukifika kilomita 140 nishati hiyo inakuwa karibu maradufu. Na ukishuka mlima wenye kimo cha mita 500 kwa breki tupu, bila kusaidiwa na gia, ni kama umesimama hivyo kutoka 100 mara 12 mfululizo. Pedi kubwa inagawanya kazi hiyo kwenye eneo pana, haichoki upesi, na inaisha polepole. Lakini diski inayopokea joto ikiwa ni ileile ya milimita 12.5, uwezo wake wa kulihifadhi haujaongezeka. Hapo ndipo wengi wanajidanganya.

Nilijifunza jambo hili kwenye barabara ya zamani ya Mai Mahiu, ile iliyochongwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano. Nilikuwa nashuka na 240Z yangu, nina haraka ambayo leo siikumbuki sababu yake. Nilikuwa nimeshafunga kalipa za Hilux na nilijiona mfalme. Karibu na kile kikanisa kidogo cha Waitaliano kando ya barabara nikasikia harufu ya pedi. Kona iliyofuata pedali ikaenda hadi sakafuni kama mguu umekanyaga godoro. Nilipampu mara nne, nikaingiza gia ya pili injini ikipiga kelele, nikavuta breki ya mkono kidogo kidogo, na gari likasimama tairi ya kushoto ikiwa kwenye changarawe. Nilikaa pale nusu saa mikono ikitetemeka. Baadaye nilipofungua, kalipa zilikuwa nzima, pedi nzima, hakuna kilichovuja. Mafuta ya breki ndiyo yaliyochemka. Yalikuwa na miaka sita ndani ya gari, na mimi, fundi, sikuwa nimeyabadilisha nilipofunga kalipa mpya. Niliyaongeza tu juu.

Basi tuanze na mafuta. Mafuta ya breki ya kawaida hunyonya unyevu wa hewa, na kadiri yanavyonyonya ndivyo yanavyochemka mapema. DOT 3 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji kiasi, kiwango hicho hushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanwa kama hewa, kwa hiyo mguu wako unaubana mvuke badala ya kusukuma pistoni. Kwa gari la namna hii napendekeza DOT 4 mpya, kopo lililofunguliwa siku hiyohiyo, na kuyabadilisha yote kila baada ya miaka miwili. Kama unaishi Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, ambako hewa yenyewe ina maji, usisubiri miaka miwili iishe. DOT 5 ni kitu kingine kabisa licha ya jina lake: ni ya silikoni, na haichanganywi na hayo mengine hata tone.

Kisha badilisha mipira ya breki yote, ya mbele na ya nyuma, hata kama kwa nje inang'aa. Mpira wa miaka 50 huoza kwa ndani. Utando unaning'inia kama mlango: mguu ukikanyaga mafuta yanapita, mguu ukiachia hayarudi. Tairi hiyo inabaki imebanwa, pedi inaungua, na gari linavuta upande mmoja. Kaza breki za nyuma hadi uzungushapo tairi usikie dramu ikigusana kidogo sana na breki shuu. Kazi hiyo pekee hurudisha pedali juu kwenye nusu ya magari ninayoletewa. Ukifungua dramu za zamani usipulize vumbi kwa upepo wa kompresa. Laini za breki shuu za miaka ile zilikuwa na asibesto, na vumbi lake likiingia kifuani halitoki. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa, tupa kitambaa ndani ya mfuko uliofungwa.

Pima na diski. Ikiwa imeliwa hadi chini ya milimita 10.5, haifai tena. Kwenye 240Z diski hufungwa nyuma ya habu, kwa hiyo kuitoa ni lazima ufungue habu nzima pamoja na beringi. Ichukulie kama nafasi nzuri: osha beringi, zikague, ziweke grisi mpya na sili mpya. Beringi iliyolegea huifanya diski icheze, na diski inayocheza husukuma pistoni ndani wakati gari linatembea, halafu unashangaa kwa nini mkanyago wa kwanza hauna kitu.

Yakishakamilika hayo, endesha gari wiki mbili. Nasema hivi kwa moyo mweupe: huenda ukaridhika. Nusu ya wateja wangu huridhika hapo, na mimi hufurahi kuwarudishia fedha zao za kalipa.

Ukiwa bado unataka kuendelea, kwa sababu injini yako imeongezwa nguvu, au unaenda kwenye mbio, au unaishi mahali penye milima ya kweli, sasa tuzungumze kalipa. Tazama maandishi yaliyotoka na chuma chenyewe kwenye mwili wa kalipa. S12+8 ndiyo inayofaa diski nyembamba ya Datsun. S12W ina mdomo mpana zaidi, kwa ajili ya diski nene yenye matundu ya hewa katikati, na ukiifunga juu ya diski nyembamba pistoni zitatoka mno. Pedi zikiisha, pistoni inaweza kutoka kabisa na mafuta yote yakamwagika. Wanaotaka S12W hutumia diski ya Nissan 300ZX ya mwaka 1984, unene wa kama milimita 20, pamoja na kipande cha kuiinua kinachowekwa kati yake na habu. Hiyo ndiyo njia inayoongeza uwezo wa kubeba joto. Kwa mtu wa Jumapili anayekwenda Naivasha na kurudi, S12+8 na diski mpya ya kawaida inatosha. Kwa mtu wa mbio, usihangaike na nusu njia. Nenda S12W na diski ya matundu. Kipande cha kuinulia diski kisichongwe kwa macho kwenye karakana ya uchochoroni. Kikipinda hata robo ya milimita, usukani utatetemeka kila ukikanyaga breki.

Kalipa ya mtumba usiifunge ilivyo. Hata ikionekana nzuri, raba zake zina umri usioujua. Nunua seti ya raba mpya, toa pistoni kwa upepo wa kompresa kidogo kidogo huku umeweka kipande cha mbao katikati, na usiweke vidole pale. Pistoni ikiruka huvunja mfupa. Miili miwili ya kalipa iliyoungwa kwa bolti iache ilivyoungwa. Pistoni yenye mashimo ya kutu itupe, kwa maana hakuna msasa utakaorudisha kromu iliyokwisha kuliwa. Na hapa kuna tabia ya gereji zetu ambayo inaniuma: kuosha kalipa kwa petroli na kupaka raba oili ya injini. Petroli na oili za madini huvimbisha raba za breki. Osha kwa spiriti au kwa mafuta ya breki yenyewe, na pakaa raba mafuta ya breki mapya au grisi maalumu ya raba. Ile raba ya mraba inayozunguka pistoni haizuii uvujaji tu. Ukikanyaga, inajipinda kidogo pamoja na pistoni, na ukiachia inajinyoosha na kuirudisha nyuma kiasi cha unene wa karatasi. Iliyovimba au iliyokauka hairudishi, na breki inabaki imeshika.

Kufunga kwenyewe ni kazi fupi. Gari liwe juu ya stendi imara, kamwe lisiwe juu ya jeki peke yake. Kalipa ya zamani ikitoka, usiiache ining'inie kwenye mpira wake. Bamba la kuzuia vumbi nyuma ya diski litagusana na kalipa mpya. Likunje au likate kidogo, ila usilitoe lote kama unapita barabara za udongo. Funga kalipa kwa bolti bila kukaza, halafu pima nafasi kati ya kalipa na diski pande zote mbili. Ikiwa haiko katikati, weka washa ngumu za chuma zenye unene sawa juu na chini. Hakikisha bolti zimeshika nyuzi zote na ncha zake haziigusi diski. Ni bolti za milimita 12 zenye hatua ya nyuzi ya 1.25, usikubali kuuziwa za kuokoteza zinazofanana. Kaza kwa spana ya torki kwa kipimo cha kitabu cha gari.

Skrubu ya kutolea upepo lazima iwe juu. Yule kijana wa Kirinyaga Road alinieleza baadaye kwamba rafiki yake alifungiwa kalipa kama hizi, ya kulia ikawekwa kushoto na ya kushoto kulia. Zinaingia vizuri kabisa, bolti zinakaza, lakini skrubu inabaki chini. Upepo hukaa juu. Walitoa upepo siku tatu mfululizo, wakamaliza makopo sita ya mafuta, na pedali ikabaki laini vilevile.

Kuna na suala la paipu ya chuma inayotoka kwenye mpira kwenda kwenye kalipa. Itabidi uikunje upya taratibu kwa kikunjio, bila kuivunja shingo, au utengeneze mpya. Nati za Datsun na za Hilux zote ni milimita 10 zenye hatua ya nyuzi ya 1.0. Nati ya Kiingereza ya inchi tatu kwa nane inaingia humohumo na inaonekana kukaza, kisha siku utakayokanyaga kwa nguvu itachomoka na nyuzi zake. Ncha ya paipu ya Kijapani hukunjwa mara mbili. Ile ya duara inayotumika kwenye magari mengi ya Ulaya haizibi hapa. Na paipu ya shaba tupu, kama ya friji, isiguse breki.

Kabla hujashusha gari, funga rimu na uizungushe kwa mkono. Kwenye rimu za inchi 14 nafasi ni ndogo. Bandika vidonge vya udongo wa mfinyanzi juu ya kalipa, zungusha tairi, utoe na upime unene uliobaki. Nikiona chini ya milimita tatu siruhusu gari litoke. Kumbuka pia vile vipande vya risasi vya kubalansi vinavyobandikwa ndani ya rimu. Gari linaweza kupita salama leo, kesho fundi wa tairi akabandika kipande pale ndani, na kikaanza kuisaga kalipa.

Sasa tuje kwenye masta silinda, na hapa nakuomba uende polepole nami. Pistoni nne zinahitaji mafuta mengi zaidi kuliko mbili. Masta ya 240Z ina kipenyo cha inchi saba kwa nane, yaani milimita 22.2. Ukiiacha, breki zitafanya kazi, tena kwa nguvu, lakini pedali itasafiri mbali. Ndiyo maana wengi huweka masta ya 280ZX yenye inchi kumi na tano kwa kumi na sita, milimita 23.8. Tofauti inaonekana ndogo, ila eneo la pistoni linaongezeka kwa karibu asilimia 15. Fikiria mabomba mawili ya sindano ya hospitali: lile nene hutoa dawa nyingi kwa msukumo mfupi lakini huhitaji kidole chenye nguvu zaidi. Pedali itakuwa fupi na ngumu, na mguu utafanya kazi zaidi kidogo kupata presha ileile. Mimi naipenda hivyo. Mtu mwenye mguu mwepesi aijaribu kwanza masta ya zamani ikiwa na raba mpya.

Ukibadilisha masta, usifuate tu paipu ilipokuwa. Hakikisha chumba cha breki za mbele ndicho kinacholisha diski. Masta nyingi za zama zile zina valvu ndogo inayobakiza presha kidogo kwa ajili ya dramu, na diski zikiunganishwa upande huo zitabaki zimeshika daima.

Halafu kuna fimbo kati ya busta, kile kifaa kinachousaidia mguu, na masta. Lazima ibaki nafasi ndogo sana kati ya ncha ya fimbo na pistoni ya masta. Fimbo ikiwa ndefu, pistoni hairudi hadi mwisho, na kile kitundu kidogo kinachorudisha mafuta kwenye kopo la masta kinabaki kimezibwa. Mwanzoni hutaona kitu. Baada ya kilomita tano mafuta yanapata joto na kutanuka, hayana pa kwenda, na breki zinaanza kujikanyaga zenyewe. Pedali inapanda juu na kuwa ngumu kama jiwe, gari linakuwa zito, na usipoelewa utaendelea hadi pedi ziwake moto. Likikutokea, simama, legeza nati mbili za masta kwenye busta kidogo. Breki zikiachia, fimbo ni ndefu. Zisipoachia, fungua skrubu ya kutolea upepo ya tairi iliyoshika: ikiachia hapo, utakuta mpira wake au paipu imeziba. Mafundi wengi hukimbilia kufungua kalipa upya, na kalipa haina kosa.

Watu husahau upande wa nyuma. Umeipa mbele nguvu, kwa hiyo nyuma imekuwa dhaifu kwa kulinganisha. Huo ni upande salama wa kukosea, kwa sababu gari linalofunga tairi za nyuma kwanza hugeuka na kuangalia lilikotoka. Lakini ukiacha nyuma ilale, mbele inabeba karibu kila kitu na joto linarudi palepale. Utaambiwa ununue valvu ya kurekebisha presha ya nyuma. Valvu hiyo hupunguza tu, haiwezi kuongeza. Kwa kazi tunayoizungumza hapa haina msaada. Ina maana kwa wale wanaoweka diski nyuma pia, na hao wajue kwamba wanahitaji suluhisho la breki ya mkono kabla ya kukata kitu chochote. Ushauri wangu kwa dramu: dramu zenye duara safi, laini nzuri, silinda za tairi zisizovuja, na kukaza kila unapobadilisha oili ya injini.

Wenye Ford Escort mtaona majina tu yanabadilika. Kule Uingereza huchukua kalipa za M16 za Capri, na maswali ya rimu, masta na breki za nyuma ni haya haya.

Kutoa upepo, anza na tairi iliyo mbali zaidi na masta. Kwa magari yetu yenye usukani kulia ni nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Weka kipande cha mbao chini ya pedali isifike sakafuni kabisa, kwa sababu masta ya zamani ina kutu sehemu ambayo raba hazijawahi kufika, na kwa mkanyago mmoja mrefu raba zinachanika. Endelea hadi mafuta yatoke masafi, bila mapovu, kwenye tairi zote nne. Kisha injini ikiwaka kanyaga kwa nguvu nusu dakika, mwenzako akiwa na tochi chini ya gari anaangalia kila kiungo.

Pedi mpya hazishiki vizuri siku ya kwanza. Tafuta barabara iliyo wazi, nenda kilomita 70, punguza hadi 20 bila kusimama, achia, rudia mara nane au kumi, kisha tembea taratibu bila kugusa breki hadi zipoe. Usisimame ukiwa umekanyaga pedali wakati diski zina moto; pedi itaacha alama yake pale, na alama hiyo utaisikia mguuni kila siku.

Kabla ya kuliingiza gari kwenye milima, lipeleke kwenye uwanja wa murram, mwendo mdogo, kanyaga ghafla na uangalie mistari iliyobaki ardhini. Ya mbele itangulie, ya kushoto na kulia ilingane. Halafu shuka mlima mmoja mfupi, simama pembeni chini bila kuvuta breki ya mkono, weka kabari kwenye tairi, na upitishe kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Za mbele zitakuwa na joto kuliko za nyuma, hiyo ni sawa. Lakini ukikuta ya mbele kushoto inaunguza na ya kulia ni vuguvugu, usiendelee na safari. Anzia kwenye mpira, rudi kwenye kalipa, na mwisho ile fimbo nyuma ya masta.